Hameni: Ukingoni, Shule

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na Mkuu ameufunga mfumo.

Hiyo ndiyo desturi ya ofisi yetu ya tahadhari ya mafuriko. Tone la kwanza likigonga bati, hakuna anayegusa programu tena mpaka mvua ziishe. Mkuu anabadilisha nywila, hamwambii mtu, kisha anasimama mlangoni kama msimamizi wa mtihani na kusema, "Haya, kalamu chini." Kwa sababu hiyo tunamwita Kufuli. Akiwa karibu tunamwita Mkuu.

Nimenunua daftari hili nisije nikapasuka. Mtu aliyekatazwa kugusa kazi ya mikono yake lazima awe na pa kusemea. Kinachoruhusiwa ni kurekebisha taarifa tu: kiongozi wa mtaa akibadilisha namba ya simu, unaiandika mpya. Mashine yenyewe unaitazama kwa mbali kama keki ya watu.

Nieleze kazi yangu mara moja, maana hata mdogo wangu anadhani natengeneza redio. Tuna jedwali ambalo kila mtaa wa bondeni una safu yake: jina la mtaa, kimo cha maji kitakachouhatarisha, na mahali pa kukimbilia. Mpima, yule bwana anayekaa kwenye kibanda cha darajani, akituingizia kimo kipya cha mto, amri niliyoiandika mimi inazikusanya safu zote ambazo maji yamezifikia, inazishona kuwa mstari mmoja, inatia nukta mkato kati ya mtaa na mtaa, na mstari huo unaruka papo hapo hadi kwenye simu ya kila mtu bondeni. Zamani ofisi ilituma mtaa kwa mtaa, na wa mwisho walipata habari maji yakiwa sebuleni. Mimi ndiye niliyezishona pamoja. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kufuli amekula ndizi mbili akitazama dirishani. Sina zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama, Ukingoni. Sare za shule zimening'inia kila mahali, unaingia ndani ukipangua mikono mitupu ya mashati. Cherehani iko palepale dirishani. Ukimpigia Mama simu, lazima usikie kwanza ile tatatata nyuma ya sauti yake, na huwa haachi kushona mpaka umemweleza jambo la maana.

Nilimwambia ahamie kwangu mpaka mvua zipite, yeye na mdogo wangu na mtoto wake.

"Chumba kimoja," akasema. "Cherehani tutaiweka wapi, juu ya kichwa chako?"

"Mama, mto haubembelezwi."

"Na mimi sibembelezwi." Akakata uzi kwa meno. "Ujumbe si unauandika wewe? Basi. Siku utakapotutaja, nitatoka bila kugeuka nyuma. Kama hujatutaja, nipo, nashona."

Mdogo wangu akacheka. "Dada, mtaa mzima uko hivyohivyo. Mama amewatangazia."

Kweli, wakati natoka, muuza makaa wa jirani alinisimamisha mlangoni pake. "Mtoto wa fundi! Bado hujatusema?" Nikamwambia bado. Akarudi zake kukaa kwenye gunia, ameridhika kabisa. Nilivimba kichwa hatua kumi hivi. Ya kumi na moja nikageuka kuutazama mto.

Jumatano, 12 Machi

Ujumbe wa kwanza wa msimu. "HAMENI: Machinjioni, kusanyikeni Ukumbi wa Maktaba kupitia barabara ya soko; Darajani, kusanyikeni Stendi Mpya kupitia ngazi za posta." Safi. Mpima alinipigia: "Bi Koma, mto umeamka vibaya leo." Ananiita hivyo tangu kikao ambacho nilibishana asubuhi nzima kwamba koma hazifai kutenganisha mitaa kwa sababu ziko tayari ndani ya maelezo, watu watachanganyikiwa. Kufuli aliuliza ni nani anayesoma alama za uandishi huku akikimbia maji. Nilishinda hata hivyo.

Haya maelezo marefu ya pa kukusanyikia na njia ya kupita yaliongezwa kiangazi hiki. Wakubwa waliyataka. Tulijaribu kwa mitaa kumi, ikatoka vizuri, tukapongezana.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua, mvua, mvua. Soksi zangu zote zina harufu ya mbwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mto umepanda kwa kishindo na mitaa mingi imefikiwa. Ujumbe ulipofika kwenye simu yangu, mwisho wake uliandikwa hivi: "Kiwandani, kusanyikeni Ukumbi wa Ma". Basi. Hakuna kilichofuata.

Nilidhani ni simu yangu, maana ilishaanguka ndooni. Nikampigia mdogo wangu anisomee yake.

"Ukumbi wa Ma," akasoma. "Dada, Ukumbi wa Ma ndiyo wapi?"

Nikafungua jedwali nikahesabu. Safu zilizofikiwa ni nyingi kuliko mitaa iliyo kwenye ujumbe. Baada ya Kiwandani kuna mitaa mingine miwili ambayo haikutajwa hata kwa herufi. Nikawapigia viongozi wao mwenyewe, wakatoka.

Nilikaa nikiitazama amri yangu mpaka nikaelewa. Ile kanuni ya kushona safu imekuja na ukomo wake kutoka kwa waliotengeneza hifadhidata: herufi elfu moja na kidogo. Mstari ukizidi hapo, kinachozidi kinakatwa. Haipigi kelele, haionyeshi kosa, inakata tu na kuendelea na shughuli zake kama kinyozi. Miaka iliyopita mistari ilikuwa mifupi, hatukuwahi kugonga ukomo. Sasa tumeongeza maelezo.

Na hiki ndicho kinachonitoa jasho. Mafuriko yakiwa madogo, orodha ni fupi na kila mtu anatajwa. Yakiwa makubwa, orodha inarefuka, na hapo ndipo watu wanakatwa. Mfumo wangu unafanya kazi vizuri kabisa siku ambazo hauhitajiki sana.

Safu zinatoka kwa mpangilio tulioziingiza. Ya mwisho kabisa kuingizwa, kwa sababu wapimaji ardhi walichelewa kufika huko, ni Ukingoni.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimsubiri Kufuli mlangoni kabla hajavua koti la mvua. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Marekebisho ni nini?" akauliza.

"Kubadilisha namba moja tu, Mkuu. Naongeza ukomo. Hata chai yako haitapoa."

"Mahali pa kujaribia tunapo?"

Alijua jibu. Mashine tunayo moja, na ndiyo hiyohiyo inayotuma.

"Basi hapana."

"Mkuu, watu watakatwa!"

"Jana walikatwa wangapi?"

"Mitaa miwili."

"Nipe majina na namba za viongozi wao. Kila ujumbe utakaotoka, wewe linganisha na jedwali, waliobaki nitawapigia mimi kwa mdomo."

"Na wakiwa ishirini?"

"Nitapiga ishirini."

"Na mtandao ukikatika?"

Akavua koti, akalitundika, akalinyoosha mabega kana kwamba kuna mtu ndani yake. "Binti, mfumo ukikata wawili, nawajua ni akina nani. Ukiugusa ukazima wote, sitajua chochote. Nimemaliza."

Nilitoka nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mfuko. Mtu mzima, ana vyeti ukutani, anaogopa namba moja! Nimeandika hapa matusi matatu nikayafuta, maana Mama hupekua.

Jumatatu, 24 Machi

Ujumbe umetoka, mitaa mitatu imekatwa. Nikalinganisha, nikampa majina. Kufuli alikaa na simu akawapigia mmoja mmoja, polepole, akimfanya kila kiongozi arudie alichoambiwa. "Unakwenda wapi? Unapita wapi? Rudia." Wote walitoka salama.

Bado simpendi.

Ijumaa, 28 Machi

Ujumbe. Nikalinganisha. Wanne. Akapiga. "Rudia."

Jumapili, 30 Machi

Kwa Mama maji yamefika mwisho wa uchochoro. Watoto wanayachezea. Nilimwambia, mara hii bila mzaha, kwamba ujumbe una kasoro, kwamba mtaa wake unaweza kuachwa.

Cherehani ikasimama.

"Una kasoro gani?"

Nikajaribu kumweleza safu na ukomo. Nilikuwa nikijisikia mwenyewe jinsi maneno yanavyokwenda mrama.

"Kwa hiyo unaweza kutusahau," akasema.

"Si mimi, Mama. Mashine."

"Mashine nani kaitengeneza?" Akanitazama juu ya miwani. "Nenda kairekebishe. Nimeshawaambia watu hapa kwamba mwanangu hasahau."

Tatatata. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepata njia! Nimepata, na Kufuli hawezi kusema neno.

Amefunga programu. Hajafunga taarifa. Kama ukomo siwezi kuuongeza, maneno naweza kuyapunguza. Nimeshinda kutwa nikizipitia safu moja baada ya nyingine. "Kusanyikeni" nimeitoa kila mahali. Njia za kupita nimezitoa, watu wanazijua njia za kwao. "Ukumbi wa Maktaba" umekuwa "Maktaba". "Stendi Mpya" ni "Stendi". "Uwanja wa Michezo" ni "Uwanja". "Shule ya Msingi ya Juu" ni "Shule".

Si kwamba nilikata ovyo. Nilihakikisha hakuna vituo viwili vinavyobaki na jina moja. Nikauliza jedwali lenyewe: stendi ngapi? Moja. Uwanja? Mmoja. Shule? Moja. Nikashona mitaa yote thelathini na nane kwenye karatasi ya pembeni nikahesabu herufi. Mstari mzima unaingia chini ya ukomo, na wa mwisho, kwa raha zake, ni "Ukingoni, Shule".

Kufuli sikumwambia. Wakati wa kutoka nilimtakia jioni njema kwa sauti ya asali hadi akageuka kuniangalia.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Sikwenda kwa Mama, barabara imeliwa. Nimempigia. Tatatata. "Umeirekebisha?" "Nimeirekebisha." "Nilijua." Nimelala mchana kama mtoto.

Jumanne, 8 Aprili

Ujumbe umetoka na mitaa mingi kuliko siku zote za msimu huu, wote wameingia. Nililinganisha mara mbili kwa starehe tu.

Kufuli alikuwa ameshakaa na simu yake. "Leo nani kakatwa?"

"Hakuna, Mkuu."

Akaomba kuusoma. Akausoma, akaurudia. "Umekuwa mfupi."

"Mfupi unasomeka."

"Umegusa programu?"

"Sijaigusa. Nimerekebisha taarifa. Zinaruhusiwa."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema lile neno lake, "Rudia," lakini kwa sauti ndogo, kama anajisemea, na akakaa muda mrefu na ujumbe ule mbele yake. Nikamwona mzee ghafla. Nikafikiri: masikini, amenyang'anywa simu zake.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo nisipoandika nitalisimulia jambo hili kwa namna inayonipendeza mimi.

Jana mchana, baada tu ya chakula, Mpima alipiga. Hakuniita Bi Koma. Alisema kimo, akakirudia, akasema, "Nimeshaingiza. Naondoka hapa, kibanda kinacheza." Nyuma yake nilisikia mto, na ulikuwa hausikiki kama maji, bali kama lori zinazorudi nyuma.

Ujumbe ukatoka. Niliufungua nikashuka nao kwa kidole, mtaa baada ya mtaa, wote thelathini na nane, hadi mwisho kabisa: "Ukingoni, Shule". Hata kitone cha mwisho kilikuwepo. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Nikaanza kumpigia mdogo wangu. Simu haikuingia. Nikapiga tena na tena, na mvua ikinyesha kwa hasira hadi tulikuwa tukiongea ofisini kwa kupiga kelele. Hatimaye akapokea.

"Tumefika, dada! Tumetoka mara tu ujumbe ulipoingia. Mtaa mzima uko hapa. Mama kaja na cherehani yake, muuza makaa kampakilia kwenye mkokoteni."

"Alhamdulillah. Mko ghorofa ya ngapi?"

"Ghorofa gani?"

"Ya shule."

"Hapa hakuna ghorofa, dada."

"Shule ipi?"

"Hii ya kwetu. Ya chini. Umeandika shule, na shule ni hii."

Ile shule ya chini iko nyuma ya soko la mbao. Mimi mwenyewe nimesoma pale. Kutoka dirisha la darasa la pili unaweza kurusha embe likatumbukia mtoni. Kwenye jedwali langu haimo, kwa sababu si mahali pa kukimbilia. Kwenye jedwali langu shule ni moja. Mtaani ziko mbili, na niliuliza jedwali, sikuuliza mtaa. Mtu aliyesoma pale miaka saba!

"Mpe Mama simu. Mpe sasa hivi."

"Mwanangu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, hicho ndicho kilichoniua. "Umetutaja. Nimewaambia, mnaona?"

"Mama, tokeni hapo. Siyo hiyo. Ni ile ya juu, ya ghorofa, mpitie barabara ya zahanati. Tokeni wote."

"Ujumbe unasema shule."

"Najua unavyosema."

"Watu wamechoka, wana watoto. Nitawaambia nini? Umeandika shule, tumekuja shule."

"Mama, nimekosea! Mimi. Siyo mashine. Nililikata neno ili liingie, nimekosea. Mkibaki hapo mtakufa."

Kimya. Sikujua kama ni Mama amenyamaza au ni mtandao. Nikaita. Nikaita tena. Ilikuwa imekatika, na sikujua imekatikia kwenye neno gani.

Nilipogeuka Kufuli alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia.

"Uliandika nini?" akauliza.

"Shule."

Hakuniuliza kwa nini, hakuniambia "nilikwambia". Alimpigia kiongozi wa Ukingoni, haikuingia. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeshairekebisha ile safu, nimeandika "SHULE YA JUU YA GHOROFA, SIYO YA CHINI", lakini mfumo hautumi mpaka upate kimo kipya kutoka darajani, na Mpima ameondoka. Kuulazimisha utume ni lazima ufungue programu.

"Mkuu," nikasema.

Alishakaa kwenye kiti changu. Aliandika nywila mwenyewe, kwa vidole viwili, akakosea, akaandika tena. Akainuka.

"Gusa."

"Hatujajaribu."

"Najua hatujajaribu. Na ule ukomo wako, uondoe hapohapo, usije ukakata tena."

Ni namba moja. Nilikuwa nimeitamani wiki tatu nzima, na sasa nilipoifikia sikuweza kuibonyeza. Nilifikiria mitaa yote thelathini na nane ikikaa kimya kwa sababu ya kidole changu. Ndipo nikaelewa alichokuwa anaogopa, na hakikuwa namba.

Nikaandika. Nikasoma kila herufi kwa sauti. Kufuli akasema, "Rudia." Nikarudia. Nikatuma.

Simu mbili zikalia pamoja mezani, yangu na yake. Mstari ulikuwa mzima mpaka mwisho. Lakini hizo ni simu za ofisini, penye mtandao; za bondeni sikujua kama zimeupata.

Kufuli aliendesha gari la ofisi mwenyewe. Barabara ya zahanati ni mlima, na maji yalikuwa yakishuka kama yametumwa. Tulifika shule ya juu, nikapanda ngazi za ghorofa mbilimbili, nikaingia darasa la kwanza, la pili, la tatu. Watu wa mtaa huu. Watu wa mtaa ule. Hakuna hata sura moja ya kwetu. Nilikaa chini pale koridoni, kwenye tope la viatu vya watu, nikasema kwa sauti, nimewaua.

Kufuli alikuwa dirishani. "Njoo," akasema.

Walikuwa wanapanda. Mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, wameshikana nguo ili maji yasiwachukue. Mdogo wangu mbele na mtoto mgongoni. Muuza makaa amembeba bibi wa watu. Mama alikuwa wa mwisho kabisa, anahesabu vichwa vya walio mbele yake, mkono mmoja mtupu, mwingine umeshika miwani.

Nilimkimbilia. Hakunikumbatia mara moja. Alikuwa anahema. "Nilikusikia mpaka 'nimekosea', nikawatoa wote."

"Cherehani iko wapi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Nimeiacha. Mkokoteni haupandi mlima kwenye tope." Akavaa miwani iliyojaa maji. "Ile safari ya kwanza niliiweza. Ya pili sikuiweza."

Wote walifika. Wote, nimeandika tena ili nilione. Jioni tulisikia kwamba maji kwenye shule ya chini yamefika ubaoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda kazini nikiwa na barua ya kuacha kazi. Mkuu aliisoma akaikunja akaitumia kuzuia meza isicheze.

"Mimi nilikukataza mlango," akasema, "sikufikiria dirisha. Tumekosea wawili."

"Mkuu, ulijuaje? Mwanzoni. Kwamba namba moja ni hatari?"

Alimenya ndizi polepole. "Kufuli hilo sikuliweka kwa ajili yenu. Nililiweka kwa ajili yangu."

Nimegundua nimemwandika Mkuu hata humu ndani.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Ujumbe. Nikalinganisha. Hakuna aliyekatwa. Hata hivyo Mkuu alipiga simu zake, na mimi nikapiga nusu. "Unakwenda wapi? Rudia."

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinapungua. Mama, mdogo wangu na mtoto wako kwangu, chumba kimoja, tunageuka kwa zamu. Mama anashona vifungo kwa mkono. Kila kifungo anachomaliza nakiona. Hajanilaumu hata mara moja na natamani anilaumu nipumzike.

Jumapili, 11 Mei

Wamerudi Ukingoni. Tope limeondolewa. Ukutani maji yameacha mstari wa kahawia juu ya kichwa changu. Pale dirishani pameachwa wazi, hakuna aliyeweka hata kiti.

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya tatu bila tone. Mkuu amefungua mfumo, akasimama mlangoni: "Haya, kalamu juu." Wenzangu wakacheka, mimi nikainamisha uso.

Wiki nzima iliyopita, kabla ya kugusa lolote, nilitembea mitaa yote kwa miguu. Nimekuta kumbi mbili Kiwandani. Nimekuta viwanja vitatu, viwili vikiwa ni vya mpira, vya vumbi tu, lakini watu wanaviita uwanja. Nimerudisha maneno yote kwenye safu zake, nikaongeza mengine. Ukomo nimeuweka mbali zaidi, na juu yake nimeandika amri nyingine: mstari ukikaribia kukatwa, mashine ipige kelele.

Leo jioni tumejaribu kwa namba mbili tu, yangu na ya Mama. Ni yeye aliyedai awemo.

Akapiga baada ya muda kidogo. Nyuma ya sauti yake palikuwa kimya, sijazoea.

"Nimeupata," akasema. "Mrefu."

"Umeusoma wote?"

"Mpaka mwisho. Tuko mwisho. Shule ipi?"

"Imeandikwa, Mama."

"Nimeona ilivyoandikwa. Nakuuliza wewe."

"Ya juu. Ile ya ghorofa. Mnapita barabara ya zahanati, hampiti sokoni."

"Ya juu, ya ghorofa, barabara ya zahanati, hatupiti sokoni," akarudia bila kuambiwa. Kisha nikamsikia akisogeza pazia, na sauti yake ikaenda mbali kidogo na simu, nje, kuelekea kwa jirani. "Muuza makaa! Sikiliza. Nimemuuliza mwenyewe."